Kope za Karani wa Mizani

Jumatano, 7 Julai 1976

Saba Saba. Sikusinzia.

Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili ukweli uwepo mahali fulani, maana kijiji kizima cha Murungu, hapa Kibondo, kinasema vingine. Nilikaa mstari wa pili, karibu na meza ya Katibu Kata. Katibu alianza hotuba umande haujakauka. Kilimo cha kufa na kupona. Vyoo. Kilimo tena. Mimi nilikuwa natafakari. Nikitafakari sana kope hushuka, ndivyo Mungu alivyoniumba: kope nzito, ngozi ya kutosha watu wawili. Marehemu baba alikuwa nazo. Babu pia.

Ndipo Sylvesta, fundi baiskeli, aliponyoosha mkono kama mtoto wa shule, akamwomba Katibu apunguze sauti asije akamwamsha karani wa mizani. Kicheko! Hata Katibu. Hata padri! Sylvesta akaongeza kwamba nakoroma. Uongo mtupu. Ile ilikuwa mashine ya kusaga ya kijiji, kila mtu anaijua.

Huyo Sylvesta ana macho yaliyotoka nje kama ya panzi, na watu humwona mchangamfu kwa sababu hiyo tu. Sijawahi kumsikia akisema jambo la maana.

Lililoniuma si kicheko. Mwalimu Pelagia alikuwepo na wanafunzi wake wa kisomo cha watu wazima, wazee kwa akina mama. Yeye hakucheka. Aliniangalia, akatikisa kichwa, akageukia kwingine. Heri angecheka. Mwaka wa pili huu nampelekea maneno, na nisipompata Pelagia nitazeeka peke yangu na mizani ya ghala. Nasema wazi. Nampenda.

Alhamisi, 8 Julai

Mshenga wangu amekuja, mzee Reverien. Alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akaingilia mpakani Mabamba na jembe begani, na leo hakuna posa hapa inayokwenda bila yeye. Ana tabia ya kuanza habari mbaya kwa neno la Kifaransa, “Bon,” yaani haya.

Alisema, “Bon.” Moyo ukaanguka.

Habari yenyewe: Pelagia hajakataa. Mama yake, Mama Theodosia, ananitaka sana, sababu hakuitaja. Ila binti ana neno moja. Hataki mume anayesinzia mkewe akisema. Na Sylvesta naye ametuma mshenga. Tunatakiwa tufike nyumbani kwao Jumamosi ya mwisho wa mwezi na pombe na jembe la posa, tupewe jibu.

Nikamwuliza Reverien ananishauri nini. Akasema nilale mapema, niache pombe ya ndizi saa sita mchana, na Pelagia akisema nimsikilize.

Mzee amechoka. Kusikiliza nasikiliza! Tatizo ni kwamba SIONEKANI nikisikiliza. Ni kope. Mtu mwenye kope hizi hata akimsikiliza malaika Gabrieli ataambiwa amelala.

Jumamosi, 10 Julai

Majaribio ya kunyanyua kope. Njiti ya kiberiti: imevunjika ndani. Gundi ya bahasha: imefanya kazi vizuri mno. Kope ya kushoto iliganda kwenye nyusi, ya kulia ikabanduka katikati ya kupima maharage, na mkulima mmoja akaniuliza kwa ukali kwa nini namkonyeza mke wake. Nimeosha kwa maji ya moto. Nusu ya nyusi imekwenda na maji.

Lakini Mungu si Athumani! Jioni katekista ametangaza: kambi ya macho inafunguliwa Kasulu, hospitali ya misheni. Daktari bingwa anatoka pwani. Atatibu wenye vikope, na wazee ambao ngozi ya kope imeshuka mpaka ikaziba jicho ATAWAKATA NGOZI ILIYOZIDI.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Ghalani nimeaga kwamba napeleka mawe ya mizani Kasulu yakakaguliwe. Reverien nimemwambia kweli, maana mshenga hafichwi. Akasema nikifika niulize kila kitu kwanza, kuuliza si ujinga. Nikamjibu kwamba karani haulizi, karani huulizwa.

Jumanne, 13 Julai

Kasulu. Vumbi la barabara limenijaa mpaka masikioni. Njia nzima juu ya lori, mimi, magunia, na mawe ya mizani ambayo nilisahau kwamba ni uongo tu, nikayabeba kweli.

Nimefikia kwa Bi Mwanaamina, muuza kanga, mama wa Kiujiji anayepangisha chumba cha uani. Aliniuliza shida iliyonileta. Nikamweleza. Akashika kiuno. Alishangaa kwa Kiujiji, “Yaguju!”, akasema kwao watu wanaimbiwa taarabu kwa macho kama hayo, jicho legevu ni sifa ya mtu, na mimi nakwenda kulitia kisu! Akanisihi nirudi nyumbani, mwanangu.

Namheshimu Bi Mwanaamina lakini kazi yake ni kanga.

Jumatano, 14 Julai

Asubuhi Bi Mwanaamina aliniuliza kama lile lori nililala nalo chumbani. Sikuelewa. Wazee wana mizaha yao.

Hospitali. Umati. Daktari Hilali ni mtu mpole, mfupi, anayesema polepole. Ukutani kuna karatasi yenye herufi E nyingi zilizogeuzwa huku na huku. Unaonyesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Ili aamini kope zinaniziba, kila E nilionyesha kinyume. Ya juu nikasema chini, ya kulia nikasema kushoto.

 Daktari akasema kwamba asiyeona hubahatisha, hupata moja, hukosa moja. Aliyekosa zote bila kupata hata moja ana macho mazuri kuliko yeye daktari.

 Lakini alinishika kope, akazivuta, akakubali kwamba pembeni ngozi imelegea kweli. Atapunguza kidogo sana, upana wa ukingo wa kucha. Zaidi ya hapo, alisema, jicho halitafunga, na kufunga nayo ni kazi ya jicho.

Ukingo wa kucha! Nimekula vumbi lote lile kwa ukingo wa kucha?

Baadaye Muuguzi Esteri alitukalisha kwenye mabenchi kutueleza yote ya kujua kabla ya kukatwa kope. Alianza hivi: “Ndugu zangu, kabla hujakubali kisu kiguse kope yako, kuna mambo lazima uyajue, na la kwanza...” Akamaliza hivi: “...na asiyefanya hivyo asije kunililia.” Ya katikati nadhani yalihusu wazee. Kulikuwa na joto. Akauliza nani ana swali. Nikauliza chakula cha mchana ni nini. Benchi zima wakanigeukia, sijui kwa nini.

Kisha Daktari akatupitia mmoja mmoja na kijiti cha dawa ya zambarau, akitia mstari wa kukatia juu ya kila kope. Tusiguse, tusubiri zamu.

Nimeuangalia mstari wangu kwenye kioo cha kunyolea, huko chooni. Aibu. Umelala chini kabisa, kama mtu asiye na matumaini.

Sasa. Sikioni mwangu, miaka yote, hukaa kalamu ya kopi, ile ukiilowesha kwa mate huandika zambarau. Zambarau ileile! Nimeshasogeza mshale wa mizani kwa ncha ya kidole mbele ya macho ya wakulima wakali. Mstari wa dawa utanishinda? Nimefuta wa Daktari kwa leso na mate. Nimechora wangu. Juu. Juu kabisa, karibu na ile nyusi iliyobaki. 

Nimerudi kibarazani, naandika nimekaa na wenzangu. Wote wana mistari midogo ya kinyonge. Ananiita Esteri. Pelagia wangu!

Jumamosi, 17 Julai

Naandika kwa kupapasa. Macho yote yamefungwa bandeji. Kama nimeandika juu ya ukurasa wa Jumatano, basi.

Sindano ya ganzi inauma, watu wasidanganyane. Baada ya hapo husikii maumivu ila unausikia mkasi. Katikati Daktari alisimama, akamwuliza Esteri kama mstari huu ni yeye Daktari aliyeutia. Esteri akasema rangi ni yao. Wakaniuliza mimi. Nikasema chini ya kitambaa: “Ni wewe, Daktari.” Akashusha pumzi. Akaendelea.

Sasa najifunza mafundisho ya Esteri moja moja, kwa kuyavunja. Usiiname: niliinama kutafuta kiatu, damu ikavuja. Usisugue: nilisugua. Usilale kifudifudi: nililala. Usinywe pombe: jirani alikuwa nayo. Kila mara Esteri huniuliza, “Kwani sikusema?” Na bibi mmoja wa Nyakitonto, kitanda cha pili, anayakariri yote kwa sauti kama litania, mpaka ya mwisho: mwambie daktari kweli tupu, maana kisu hakina njia ya kurudi nyuma. Bibi huyu simpendi.

Jambo jingine la ajabu. Usiku wa kwanza mkeka wangu ulikuwa wodini. Nikaamka niko jikoni. Jana nimeamka kwenye banda la kuni. Hakuna anayenieleza sababu.

Alhamisi, 22 Julai

Nyuzi zimetolewa. Nimepewa kioo.

Nimekuwa mtu mwingine! Jicho lote liko nje. Naonekana kama mtu aliyeletewa habari ya kushtusha, na habari yenyewe haiishi. Sijui kama ndicho nilichotaka, lakini usingizi hauonekani popote.

Daktari aliniambia nifunge macho. Nikafunga. Akaniambia tena nifunge macho. Nikamwambia nimeshafunga. Esteri akajishika mdomo.

 Daktari akanyoosha mkono, akaitoa kalamu ya kopi sikioni mwangu, akailowesha, akachora mstari kwenye kiganja chake, akauangalia. Hakupiga kelele. Alisema alikata pungufu ya mstari maana moyo ulimkataza, na lau si hivyo ningepofuka. Ngozi huenda ikalegea baada ya miezi. Mpaka hapo nitie dawa ya matone, nifunge kitambaa kila ninapolala, nikwepe vumbi na upepo. Nikwepe vumbi! Kiangazi, Kibondo! Macho yatatoka machozi yenyewe, alisema, nisishangae. Akasema pia kwamba amehuzunika. Nilitazama chini. Yaani nilijaribu.

Kalamu hakunirudishia. Mali ya ghala! Na nimeona jambo: yeye mwenyewe ana kope nzito. Wivu ni kitu kibaya.

Jumapili, 25 Julai

Murungu. Uso wangu una rangi za kanga zote za Bi Mwanaamina. Upasuaji ni siri, kwa hiyo nilikuwa na hadithi tayari: nyuki.

Lakini nilichelewa. Kabla sijafika kanisani, kijiji kilikuwa kimeshaamua kwamba Sylvesta amenipiga kwa ajili ya Pelagia. Na Sylvesta, mshenzi yule, hakukana! Alikuja misa amekunja mikono ya shati. Alikuwa akinyoosha ngumi na kuikunja, kama mtu aliyejiumiza kazini.

Nikatangaza nyuki kwa sauti. Padri akauliza nyuki wa mti gani. Akina mama wakauliza asali iko wapi. Mtu hawezi kuumwa hivyo na nyuki akarudi mikono mitupu, walisema, lazima nimeificha. Nikaonyesha mzinga ulio juu ya mti nyuma ya ghala. Ni mzinga wa Kipriani, mrina asali. Na Kipriani alikuwa nyuma yangu, akasema kumbe mimi ndiye mwizi wake.

Kwa hiyo kufikia mchana nilikuwa nimepigwa na Sylvesta na nimeiba asali ya Kipriani. Yote mawili siku ya Bwana.

Jumanne, 27 Julai

Uvimbe umeshuka. Na leo nimepata ushindi!

Mkutano wa tawi. Katibu Kata, vyoo, sura ya pili. Nilikaa mstari wa kwanza kabisa, macho yamekaza kwake. Nakumbuka akisema shimo liwe na kina cha... Kisha nakumbuka watu wakipiga makofi, na makofi ni yangu! Katibu alikuwa amesema kwamba katika mkutano mzima waliinama, waliegemea, walichora mavumbini, ila ndugu karani hakupepesa hata mara moja, na tena machozi yalimtoka aliposikia hali ya vyoo vyetu. Nimetajwa kuwa mfano wa kuigwa. Nikasimama nikashukuru.

Nimeambiwa Sylvesta alinipitishia kiganja mbele ya uso mara kadhaa na sikutikisika. Huo ndio msimamo!

Baadhi wamelalamika kwamba mashine ya kusaga ilipiga kelele muda wote wa hotuba. Katibu ameagiza izimwe siku za mikutano. Mwenye mashine akasema haina dizeli tangu Saba Saba. Wananchi na visingizio vyao.

Pelagia alikuwepo. Aliniangalia kwa muda mrefu. Hakutikisa kichwa. Nilitembea mpaka nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 31 Julai

Siku ya posa. Nimevaa suti ya Kaunda ya kijani. Reverien alibeba jembe jipya, mimi chungu cha pombe ya mtama. Njiani alinikumbusha: piga makofi ya heshima, salimia kwa “mwidiwe”, na kwa mama mkwe usiinue macho. Mtoto wa Kiha hakumbushwi hayo, nikamwambia. Kila mkwe anajua. Unashusha kope, basi, umemaliza.

Sikufikiri mpaka tulipokuwa mlangoni.

Tuliingia. Nikapiga makofi. “Mwidiwe.” Nikakunja shingo mpaka kidevu kikagusa kifua, kwa kuwa hapakuwa na kope za kushusha. Ikapita. Chungu kikawekwa katikati, mirija ikachovywa, wazee wakaanza kunyonya. Mtu hawezi kunyonya mrija amekunja shingo namna ile. Pombe hupita puani. Nikainua kichwa kidogo. Kidogo tu! Mama Theodosia alikuwa anapita nyuma ya wazee na kata ya maji.

Tukakutana macho.

Yeye akajifunika kanga. Mimi nikashusha kope. Hazikushuka. Akasogea kushoto kunikwepa, na jicho, ambalo sasa huona kila kinachotembea, likamfuata kushoto. Akaenda kulia. Likaenda kulia. Akaangusha kata. Akamwuliza Reverien kwa Kiha, kwa sauti ya mtu anayetaka kulia, huyu ni nani anayemhesabu meno nyumbani kwake. Akaingia ndani. Wazee wakaiacha mirija. Jembe halikupokelewa, tumerudi nalo.

Njiani Reverien alisema, “Bon.” Kisha akanieleza kile ambacho hakunieleza miaka miwili. Mama Theodosia ndiye aliyekuwa akinipigania kwa binti yake. Sababu yake ilikuwa moja: kope zangu. Alikuwa akisema, tazameni kijana wa ghalani, tangu aanze kuja hajawahi kuniinulia macho, wakati yule wa baiskeli hunikodolea kama ng'ombe mnadani. Kwa kope zile nilikuwa nimeshashinda.

Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema hakujua kwamba sifa za mtu zinakatwa kwa mkasi.

Nimelala... hapana, sijalala. Kitambaa kinawasha. Nimelia, au ni macho tu, siku hizi sijui tofauti.

Jumatatu, 2 Agosti

Bado nina nafasi! Reverien ameleta habari: Pelagia anakuja mwenyewe kwa Reverien leo, tuzungumze, mzee akiwa shahidi. Haijawahi kutokea. Nimekunywa pombe ya ndizi kidogo kutuliza moyo, na mke wa Reverien akatupa ugali na maharage mengi.

Alikuja saa ya joto, amevaa gauni la bluu. Aliniona uso, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kama yanauma. Hakuna mtu mwingine aliyeuliza hivyo. Nikamwambia kweli yote: kambi, kisu, mstari, kalamu. Nilitegemea atasimama aondoke. Hakuondoka. Alisema nimefanya ujinga mkubwa kuliko wote aliowahi kuusikia, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kufanya ujinga wa namna ile kwa ajili yake. Sauti ilikuwa laini.

Kisha akavuta kigoda karibu. Akasema kuna jambo hajamwambia mtu yeyote, na anataka kuniambia mimi, kisha atanipa jibu lake. Jambo lenyewe ni la marehemu baba yake. Nikakaza macho. 

Akaanza: “Baba yangu...”

Sauti yake ni tamu sana. Kulikuwa na joto. Kuku walikuwa wakilia taratibu nje.

Kisha Reverien ananivuta shati, kivuli kimefika mlangoni, na kigoda cha Pelagia ni kitupu.

Jumanne, 3 Agosti

Reverien amenisimulia yote. Nayaandika kwa sababu nimeamua kuyachunguza kwa utulivu, kama karani.

Pelagia alisema kwamba baba yake alikuwa mtu mwema aliyelala kila mkewe alipofungua mdomo. Mama Theodosia aliongea, naye akaitikia “ehe” usingizini. Mama alipogundua, hakugombana. Alinyamaza. Akazoea kuzungumza na chungu jikoni, na Pelagia, mtoto mdogo, akimsikia kupitia ukuta akikisimulia chungu habari za siku. Baba alikufa hajui mkewe anapenda nini. Ndipo Pelagia alipoapa kwamba yeye hatazungumza na chungu.

Wakati akisema hayo alikuwa akinitazama. Na mimi nilikuwa nikimtazama, alisema Reverien. Bila kupepesa. Machozi yakinitiririka mashavuni. Pelagia naye akaanza kulia. Akanishika mkono. Akasema hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza namna ile. Akasema mama yake atamwelewesha yeye mwenyewe. Akasema ndiyo.

Alisema NDIYO!

Kisha akaniuliza, “Nawe unasemaje, Venanti?”

Nikakoroma.

Reverien anasema Pelagia alisubiri, akadhani nimekaukwa na koo kwa uchungu. Akauliza mara ya pili, polepole. Nikakoroma kwa sauti mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ndipo akanirudishia mkono wangu juu ya goti, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Akafuta macho. Akamshukuru mke wa Reverien kwa maji. Akaondoka.

Asubuhi hii nilikimbia mpaka darasani kwake. Wazee wake wa kisomo walikuwa wanasoma kwa pamoja: ba, be, bi. Alinitazama mlangoni, akasema bila hasira kwamba hapa tunafundisha. Nikabaki nje kidogo, nikimsikiliza. Kweli nilimsikiliza, maana nilikuwa nimesimama. Kisha nikaondoka. Nilihisi kifua kimekuwa kizito kama gunia.

Sylvesta naye amekataliwa, kwa kuwa hanyamazi. Nimefarijika kidogo.

Reverien alikaa na mimi mchana kutwa. Akasema, akiniita mwanawe kwa Kirundi, “Bon, mwana wanje, umeona sasa tatizo liko wapi?”

Nimeona! Nilimwomba apime mwenyewe. Macho yalifanya nini? Yalifanya kazi yake yote. Kwa macho peke yake nilikuwa nimeshapewa ndiyo, shahidi ni yeye. Kope hazikuniangusha. Bi Mwanaamina na lori lake, mkeka wangu kwenye banda la kuni, mashine ya kusaga isiyo na dizeli: ushahidi wote unaelekea mahali pamoja, na mimi muda wote nilikuwa nakata sehemu isiyohusika.

Ni pua.

Reverien alichukua kofia yake akaenda nyumbani bila kuaga. Amezeeka, posa hii imemchosha.

Katekista ananiambia kwamba mwezi wa kumi kunafunguliwa kambi ya pua na koo, Kasulu kulekule. Ghalani nimeaga: nilisahau kukagua mawe madogo. Nimetoa kalamu mpya ya kopi kwenye boksi, nimeichonga vizuri.